Kizimba cha Mjusi Ndevu: Usafi Usiochosha

Mjusi ndevu huingia nyumbani kupitia kwa mtoto. Familia imehamia Columbus, Leicester au Muscat, mtoto kamwona mjusi huyu kwa mwanafunzi mwenzake, na baada ya kubembeleza kwa muda mrefu, kizimba cha kioo kinawekwa sebuleni. Mnyama mwenyewe ni mpole kweli. Anatulia begani, anakula majani na wadudu, na akikasirika hutunisha ngozi ya koo yenye vijimiba laini mpaka inageuka nyeusi. Ndizo hizo ndevu zake. Asili yake ni nyanda kavu za ndani ya Australia. Nchi hiyo ilizuia biashara ya kusafirisha wanyamapori wake tangu miaka ya 1960, kwa hiyo anayeuzwa dukani leo alizaliwa akifugwa, kama walivyozaliwa wazazi wake.

Huko porini hahitaji mfagizi. Anajisaidia, jua linakausha, yeye anaenda zake. Ndani ya kizimba cha sentimita 120 kwa 60 hana pa kwenda. Anakikanyaga kinyesi chake, anakiburuta hadi kwenye jiwe la kuotea joto, kisha analala juu yake. Kazi ambayo jangwa lilimfanyia sasa ni yako, na habari njema ni kwamba dakika chache kila siku zinatosha kabisa. Wanaochoka ni wale wanaosubiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

1. Choo kikionekana, kiondoke papo hapo

Kama utafuata kidokezo kimoja tu, fuata hiki. Mjusi mdogo hujisaidia kila siku, pengine zaidi ya mara moja; aliyekomaa anaweza kukaa siku kadhaa. Kinyesi chake kina sehemu mbili: kipande cha kahawia, na kando yake donge jeupe ambalo ndilo mkojo wake. Mjusi wa nchi kavu hapotezi maji, hivyo mkojo humtoka ukiwa mzito. Donge hilo likiwa bichi linafutika kwa mkono mmoja. Likikaukia chini ya taa linang'ang'ania kwenye kigae, na hapo utatafuta kitu cha kukwangulia.

Okota kwa karatasi ya jikoni, futa mahali hapo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni, pulizia dawa ya kuua vijidudu (tazama kidokezo cha 3), kausha. Kisha mgeukie mjusi mwenyewe: tazama katikati ya vidole, chini ya tumbo na kwenye shina la mkia. Mara nyingi kilichobaki kiko hapo, na akipanda begani kwa mtoto kinapanda naye.

Haraka hii si ya harufu peke yake. Nyenje waliobaki kizimbani baada ya mlo hula kinyesi, halafu mjusi anawala nyenje. Hivyo ndivyo vijidudu vya koksidia, ambavyo huwasumbua sana mijusi hawa, vinavyotoka tumboni na kurudi tumboni, kila mzunguko vikiwa vingi kuliko mwanzo. Mjusi mwenye mzigo mdogo wa koksidia anaweza kuishi nao bila shida. Anayerudishiwa kila siku na nyenje hukonda na kuanza kuharisha.

2. Sakafu ichaguliwe na mkono utakaoisafisha

Duka litakuuzia mchanga wa rangi nzuri, na picha kwenye mfuko itaonyesha jangwa. Uache. Mchanga huficha uchafu na hunywa mkojo, na mjusi mdogo akiudaka pamoja na chakula unaweza kumziba utumbo. Zulia la plastiki lenye manyoya mafupi nalo lina kasoro zake: kucha zinanasa, na uchafu unazama ndani ya nyuzi. Ukilitumia, uwe na vipande viwili, kimoja kizimbani na kingine kikifuliwa na kukauka. Randa za msonobari au mwerezi usiziguse kabisa, mafuta yake yenye harufu kali huwasha mapafu.

Mimi napendekeza vigae vya sakafuni, vile vyenye mparuzo kidogo ili miguu isiteleze. Fundi anavikata kwa kipimo cha kizimba, vinapokea joto vizuri, vinasaidia kupunguza urefu wa kucha, na kigae kimoja kikichafuka unakitoa peke yake bila kupangua nyumba nzima. Weka viwili au vitatu vya akiba. Karatasi za jikoni au gazeti havipendezi machoni, lakini kwa mjusi mchanga, mgonjwa au mgeni hakuna kinachovishinda: unakunja, unatupa, unatandika mpya.

Wapo wafugaji wazoefu wanaotandika udongo mkavu wenye mchanga ili mjusi achimbe kama kwao, na mjusi mkubwa mwenye afya huufurahia kwa kweli. Anayechagua njia hiyo ajue kwamba amechagua pia kuzoa kila siku, na kuubadilisha udongo wote mara kwa mara.

3. Sabuni kwanza, dawa baadaye

Watu wengi hupulizia dawa ya kuua vijidudu juu ya uchafu, wakafuta, wakaridhika. Dawa haipenyi kinyesi wala utando wa mafuta; inaishia juu. Sugua kwanza kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, suuza, ndipo upake dawa. Na dawa inataka muda. Iache ikae kwenye kigae dakika 10 kabla ya kuisuuza, au muda ulioandikwa kwenye chupa.

Jiki ya kawaida isiyo na manukato inatosha: sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, ikichanganywa siku ile ile, kwa kuwa mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu. Kabla ya kuanza, mjusi atoke chumbani, madirisha yafunguliwe, taa zizimwe na zipoe. Tone la maji kwenye balbu ya moto linaweza kuipasua. Ukimaliza, suuza mpaka usisikie harufu hata ukiinamisha pua, kisha acha kizimba kikauke kabisa. Wanaotaka kitu kisicho kali kwa pua hutumia dawa za kliniki za wanyama, kama F10 inayotengenezwa Afrika Kusini au klorheksidini. Kipimo kiko kwenye chupa, na kukizidisha hakuongezi usafi.

Kuna makatazo mawili ambayo sitanii nayo. Usichanganye jiki na siki, wala na dawa yoyote yenye amonia, maana hutoa gesi ya sumu itakayokuumiza wewe kabla ya mjusi. Na usitumie dawa zenye fenoli, zile zinazogeuza maji kuwa meupe zinapomiminwa, wala sabuni za sakafu zenye harufu ya msonobari. Kwa binadamu ni harufu ya usafi. Kwa wanyama watambaao ni sumu.

Siki yenyewe ina kazi yake. Inayeyusha madoa meupe ya maji ya chumvi kwenye kioo. Itumie hapo, usuuze, lakini usiitegemee kuua vijidudu.

4. Ratiba iwe fupi kiasi cha kufuatwa na mtoto

Kila jioni kabla taa hazijazimwa: toa choo, toa mabaki ya majani, okota nyenje, badilisha maji. Kila wiki: futa kioo ndani na nje, sugua jiwe la kuotea joto, badilisha karatasi au osha vigae. Kila mwezi: toa vitu vyote, osha kizimba kitupu kwa sabuni na dawa, pamoja na pembe na reli za milango ya kioo, maana huko ndiko miguu ya nyenje na vipande vya ngozi hujikusanya. Karatasi yenye ratiba ibandikwe ubavuni mwa kizimba. Mtoto aliyemwomba mjusi huyu anaweza kuzifanya kazi za jioni akiwa na miaka tisa au kumi. Dawa na kazi ya mwezi ni za mtu mzima.

5. Bakuli la maji liguswe kwa kidole

Pitisha kidole upande wa ndani. Ukisikia utelezi, huo ni utando wa bakteria, na kumwaga maji na kujaza mengine hakuuondoi. Unatoka kwa kusuguliwa na sabuni. Kuwa na mabakuli mawili yanayopokezana, moja likifanya kazi na jingine likikauka. Mjusi akijisaidia ndani ya bakuli, jambo analolipenda, limwagwe chooni na lioshwe wakati huo huo, hata kama uliliosha nusu saa iliyopita.

6. Mlo ukiisha, meza iondolewe

Majani chini ya taa ya joto hunyauka kwa saa chache, na kipande cha boga au tunda huanza kuchacha na kuita vinzi. Weka majani kwenye sahani upande wa baridi, asubuhi, uyatoe jioni.

Wadudu wanahitaji uangalifu zaidi. Nyenje aliyejificha chini ya gogo hutoka usiku wakati mjusi amelala na baridi imemlegeza, akamtafuna vidole na kope. Kidonda kidogo cha namna hiyo, kizimba kikiwa kichafu, huwa mlango wa usaha. Kwa hiyo lisha wadudu wachache wachache kwa koleo, au mhamishie mjusi kwenye beseni tupu lenye kuta laini ale humo. Wakibaki wachache kizimbani, weka kipande cha karoti kwenye kona usiku. Wengi watakusanyika hapo na utawazoa alfajiri.

Kumbuka pia kopo la wadudu wenyewe. Nyenje wafu walioachwa kwenye unyevu hunuka kuliko mjusi yeyote, na wale wazima huwala wafu. Usafi wa mjusi huanzia kwenye tumbo la mdudu atakayemla.

7. Magogo na mawe

Mbao zina vinyweleo, na dawa inayoingia humo haitoki kirahisi. Sugua gogo kwa brashi ngumu na sabuni, limwagie maji yanayochemka, kisha lianike juani siku nzima au mbili. Wapo wanaoyaoka magogo kwenye oveni. Mimi siungi mkono, kwa sababu nitakayoieleza katika kidokezo cha 8. Mawe nayo yamwagiwe maji ya moto tu. Jiwe la mtoni lenye unyevu ndani linaweza kupasuka kwenye moto. Gogo lililoota ukungu au kulowa mkojo miezi mingi lisihurumiwe, litupwe.

8. Mjusi na jikoni visikutane

Hapa naomba usome polepole, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mzee.

Mjusi ndevu mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria wa Salmonella tumboni mwake bila dalili yoyote. Hutoka na kinyesi, hukaa kwenye vigae, kwenye ngozi yake, kwenye ndoo uliyomsafishia. Kwa mtu mzima mwenye nguvu matokeo ni kuharisha, homa na maumivu ya tumbo kwa siku kadhaa. Kwa mtoto chini ya miaka 5, mtu aliyepita miaka 65, au mwenye kinga dhaifu, bakteria wanaweza kuingia kwenye damu.

Mwaka 2014 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitangaza mlipuko uliohusishwa na mijusi ndevu wa kufugwa: watu 166 katika majimbo 36, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa miaka 5 au chini yake. Bakteria waliokutwa walikuwa wa aina mbili, Cotham na Kisarawe. Ndiyo, Kisarawe ile ile ya Mkoa wa Pwani, jirani na Dar es Salaam, kwa kuwa aina za Salmonella kwa kawaida hupewa majina ya mahali zilipotambuliwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 CDC ikatangaza tena mlipuko uliohusishwa na mijusi hawa, na safari hiyo wengi wa wagonjwa walikuwa watoto ambao hawajatimiza hata mwaka mmoja. Mtoto wa umri huo hambebi mjusi. Bakteria wanamfuata kwa mikono yetu, kwenye zulia analotambaa, kwenye sinki iliyooshewa kigae cha mjusi na baadaye chupa yake ya maziwa.

Kwa hiyo mpaka uwe wazi. Kizimba kisikae jikoni wala kwenye chumba cha kulia. Ndoo, beseni, brashi, dodoki na glavu za mjusi ziwe zake peke yake, zenye rangi isiyofanana na vyombo vingine, zihifadhiwe mbali. Osha vitu vyake nje kama una uwanja. Kama unaishi ghorofani, osha bafuni, maji machafu yamwagwe chooni, kisha bafu lenyewe lisuguliwe na kupakwa dawa. Sinki ya jikoni haiguswi, na ndiyo maana oveni pia haiguswi.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 kila baada ya kumshika mjusi, wadudu wake au chochote kilichotoka kizimbani. Jeli ya kusugua mikononi ni ya dharura tu. Mjusi asibusiwe, asitembee mezani, na asiachiwe kwenye mkeka wa kusalia wala kwenye kitanda cha mtoto. Bibi akija kutoka Tanga au Mombasa kuwatembelea, akishangaa mjusi kuwekwa ndani kwa heshima zote hizo, msimcheke. Mwonyesheni ndoo ya mjusi ilipo, mwonyesheni sabuni ilipo, na kizimba kiwe kimesafishwa kabla hajafika.

9. Hewa kavu ni nusu ya usafi

Ukungu na bakteria hupenda unyevu. Mjusi huyu anataka hewa ya unyevu wa asilimia 30 hadi 40, mahali pa kuotea joto penye nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa baridi wenye nyuzi 24 hadi 29. Kipimaunyevu ni kitu cha bei ndogo; kiwe kimoja upande wa baridi. Kama uko mji wa pwani, au nyumba yenu ina madirisha yasiyofunguliwa majira yote ya baridi, sogeza bakuli la maji mbali na taa na hakikisha kizimba kina matundu ya hewa pande mbili. Baada ya kuosha, usirudishe kitu chochote kikiwa na majimaji.

Taa ya UVB nayo ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu kila mwezi, ikiwa imezimwa na kupoa. Vumbi huzuia mionzi ambayo mjusi anaihitaji ili mifupa yake iwe imara. Taa hiyo hupungua nguvu kimyakimya huku ikiendelea kuwaka, kwa hiyo ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12 kufuatana na aina yake.

Na harufu isifukuzwe kwa manukato. Nyumba zetu zinapenda udi na ubani, na sina nia ya kumwondolea mtu chetezo chake siku ya Ijumaa. Kifukizwe chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa. Moshi na manukato ya kupuliza huwasha njia za hewa za mjusi. Kizimba kikinuka ujue kuna choo hujakiona. Kiinamie, kitafute.

10. Kumwogesha kunakupunguzia kazi

Maji ya vuguvugu humfanya mjusi ajisaidie, na hilo unaweza kulitumia. Mwogeshe mara moja kwa wiki kwenye beseni lake, maji yasipite viwiko vyake, uvuguvugu usiounguza mkono, robo saa hivi, bila kumwacha peke yake. Akijisaidia, mtoe, mwaga chooni, weka maji mapya, umsuuze. Mkaushe kwa taulo lake hadi chini ya tumbo kabla ya kumrudisha. Akiwa anajivua gamba, vipande vya ngozi viokotwe kila jioni, ila vile vilivyoshika mwilini visivutwe, vitatoka vyenyewe.

11. Mgeni akae peke yake

Mjusi mpya asikutane na wa zamani kwa miezi miwili mitatu. Awe na kizimba chake, karatasi chini, vyombo vyake, na ahudumiwe wa mwisho, baada ya mwenyeji, ili mikono isibebe ugonjwa kutoka kwake. Vipo virusi vya adeno ambavyo mijusi ndevu huambukizana kupitia kinyesi, na aliyebeba anaweza kuonekana mzima. Kizimba ulichonunua kwa mtu nacho ni mgeni. Kioshwe chote kwa sabuni na dawa, magogo yaliyokuja nacho yatupwe.

12. Unapookota, tazama

Kwa kuwa unaokota kila siku, wewe ndiye wa kwanza kujua kitu kimebadilika. Choo cha kawaida kina umbo na sehemu yake nyeupe ni laini. Kikiwa majimaji siku kadhaa, kikiwa na damu, kikitoa harufu kali isiyo ya kawaida, au sehemu nyeupe ikiwa ya njano na ngumu, weka kipande kibichi kwenye kikopo safi chenye mfuniko na ukipeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaao. Hata asipougua, kipimo cha kinyesi mara moja kwa mwaka ni fedha iliyotumika vizuri.

Akigundulika ana koksidia, usafi unabadilika kwa muda wote wa matibabu. Vigae, magogo na mapambo vyote vitoke. Ibaki karatasi inayobadilishwa kila siku, bakuli la maji, na boksi la kujifichia linalotupwa likichafuka. Jiki haiui mayai ya koksidia. Kinachoyaua ni joto, kwa hiyo tumia maji yanayochemka au mashine ya mvuke kwenye kila pembe ya kizimba, mjusi akiwa nje, na uendelee hivyo hadi daktari apime tena na kukuambia kinyesi ni safi.